Kodi ya Nyumba na Mpaka wa Shilingi 2,500

Hotuba kwa wapangaji na wenye nyumba wa Mombasa

Ndugu wapangaji, ndugu wenye nyumba, wazee wetu wa mtaa, akina mama na vijana mliofika jioni hii: nawasalimu nyote kwa heshima. Nimefurahi kuona kwamba wenye nyumba hawakukaa upande mmoja na wapangaji upande mwingine, kwa sababu jambo nililoitiwa kulizungumza linatuhusu sote, na katika mji huu si ajabu mtu kuwa mwenye nyumba Kisauni na wakati huohuo kuwa mpangaji Tudor.

Naomba nianze na karatasi moja. Mama mmoja aliniletea ofisini ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule, ukiwa bado na selotepu kwenye pembe zake mbili za juu, kwa kuwa aliukuta umebandikwa mlangoni aliporudi kutoka sokoni Kongowea. Ulikuwa na mstari mmoja ulioandikwa kwa kalamu ya buluu: kuanzia tarehe moja kodi ni 8,500, asiyetaka ahame. Haukuwa na jina, haukuwa na sahihi, haukuwa na sababu. Kodi yake ilikuwa shilingi 6,000, na siku aliyoukuta mlangoni ilikuwa tarehe 24. Akaniuliza: "Mwanangu, sheria inaruhusu mambo haya?" Nilimjibu kwamba nchi yetu inayo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, na ni sheria nzuri kwa mambo mengi, ila yeye haimfikii. Nimekuja kueleza kwa nini haimfikii, na ni kitu gani basi kinachobaki kumlinda.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, iliyoanza kutumika mwaka 1959. Haikutoka hewani. Wazee wetu wanakumbuka, au walisimuliwa na wazee wao, kwamba mwaka 1939 makuli wa bandari na wafanyakazi wengine wa mji huu waligoma, na kwamba Januari 1947 Mombasa nzima ilisimama kwa mgomo mkuu. Katika migomo yote miwili malalamiko yalikuwa mshahara usiotosha maisha ya mjini, na nyumba ilikuwa sehemu kubwa ya maisha hayo. Kijana aliyetoka bara au aliyetoka Kilifi kuja kubeba magunia alijua kwamba sehemu kubwa ya ujira wake itaishia kwa mwenye chumba. Kwa hiyo wazo la serikali kuingia kati ya mwenye nyumba na mpangaji si geni kwetu wala halikuletwa jana na wanaharakati.

Sheria hiyo inafanya mambo manne ambayo kila mtu angependa yamhusu. Inaweka kodi ya msingi kwa kila nyumba inayoihusu, na kumkataza mwenye nyumba kutoza zaidi ya hapo. Inaruhusu nyongeza kwa sababu zinazojulikana, kwa mfano mwenye nyumba anapokuwa ametumia fedha kuiboresha nyumba yenyewe, na hapo kupaka rangi na kukarabati kilichoharibika hakuhesabiwi, au malipo yake kwa serikali ya mtaa yanapopanda. Inamzuia mwenye nyumba kukamata vyombo vya mpangaji kwa deni bila idhini. Na inaunda Baraza la Kudhibiti Kodi, lenye mamlaka ya kukadiria kodi, kuamuru ukarabati na kuamua kama mpangaji aondolewe au asiondolewe. Ndani ya sheria hii, hata mwenye nyumba anayeitaka nyumba yake ili aishi mwenyewe hupaswa kutoa notisi ndefu na kulishawishi Baraza kwamba haja yake ni ya kweli.

Lakini mlango wa kuingilia katika ulinzi huo ni mwembamba. Sheria inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nyumba ikishapita hapo, hata kwa shilingi moja, Baraza halina mamlaka nayo, na mahakama zetu zimewarudisha watu mara nyingi kwa sababu hiyohiyo.

Naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo, kwa sababu ni katika hesabu ndipo tatizo linapoonekana wazi. Sheria inaitaja tarehe 1 Januari 1981. Nyumba iliyokuwa imepangishwa siku hiyo, kodi yake ya msingi ni ile iliyokuwa ikilipwa siku hiyo. Nyumba ambayo haikuwa imepangishwa siku hiyo, ikiwemo iliyojengwa baadaye, kodi yake ya msingi kwa mwezi hukadiriwa na Baraza kuwa si chini ya asilimia moja na robo, wala si zaidi ya asilimia moja na nusu, ya gharama ya ujenzi pamoja na thamani ya kiwanja. Sasa tuchukue kiwango cha chini kabisa, asilimia moja na robo, kisha tujiulize ni nyumba ya thamani gani itakayotoa kodi ya shilingi 2,500. Jibu ni nyumba ambayo ujenzi na kiwanja kwa pamoja havizidi shilingi 200,000. Mafundi mko humu. Nani kati yenu leo anaweza kujenga chumba na sebule cha matofali, chenye choo cha ndani, pale Mshomoroni au Mikindani, na kununua sehemu yake ya kiwanja, kwa shilingi 200,000? Kwa kanuni ya sheria yenyewe, basi, nyumba mpya ya kawaida hutoka nje ya sheria siku inapomalizwa kujengwa. Hakuna aliyetunga sheria ya kuondoa udhibiti wa kodi nchini Kenya. Bei za vitu zimepanda mwaka baada ya mwaka, tarakimu ya 2,500 ikabaki pale ilipokuwa, na udhibiti ukawaondokea watu bila mjadala wowote bungeni.

Waliobaki ndani ya mpaka huo wapo, tena wapo hapa kwetu. Wapo katika nyumba za Kiswahili za zamani, zile zenye ukumbi wa katikati na vyumba kushoto na kulia, Majengo, Likoni na kwingineko, ambako chumba cha ukuta wa udongo bado hupatikana kwa kodi ndogo. Nawaomba hao wasidharau haki yao. Kama kodi yako haizidi 2,500, usikubali nyongeza ya mdomo mlangoni. Nenda kwenye Baraza, nalo litakupokea hata kama hukuja na wakili.

Kuna jambo moja linaloniuma kuliko yote katika habari hii, nami nitakaa nalo kidogo. Fikirini jengo moja la ghorofa pale Makupa. Chini kuna kinyozi, juu yake kuna familia ya watu sita. Kinyozi analindwa na Sura ya 301, sheria ya mwaka 1965 ya maduka, hoteli na mikahawa. Mradi upangaji wake haukuandikwa, au uliandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, mwenye jengo akitaka kumwongezea kodi lazima ampe notisi ya miezi miwili katika fomu iliyowekwa na sheria. Kinyozi akiipinga kwa wakati mbele ya baraza la kodi za biashara, notisi ile haina nguvu mpaka baraza liamue, na hakuna kima cha shilingi kinachomtoa kwenye ulinzi huo. Akilipa 5,000 au 50,000, haki ni ileile. Familia ya juu, inayolipa 12,000, haina fomu, haina miezi miwili, haina baraza. Sheria inalinda kiti cha kunyolea kuliko kitanda anacholala mtoto. Simwonei kijicho kinyozi. Biashara yake ndiyo riziki yake na anastahili kila alichopewa. Nasema tu kwamba Bunge lililoona vyema kumpa kinyozi muda na mahali pa kulalamikia lingeweza kumpa mama wa watoto wanne vilevile, hasa baada ya Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 43 kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na yanayostahili.

Je, aliye juu ya 2,500 hana chochote? Anacho, ingawa ni kidogo. Anayo Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, na anao mkataba wake.

Sheria ya Ardhi inakubali upangaji wa muda usiozidi miaka miwili ufanywe hata kwa mdomo. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba huna haki kwa kuwa hukutia sahihi popote. Ikiwa hamkutaja muda, na kodi hulipwa kila mwezi, basi upangaji wenu ni wa mwezi hadi mwezi, na atakayetaka kuuvunja anapaswa kutoa notisi isiyopungua mwezi mmoja. Ikiwa mmeandikiana mwaka mzima kwa kodi fulani, na karatasi haisemi lolote juu ya nyongeza, kodi hiyo haibadiliki mpaka mwaka uishe, kwa sababu mapatano hayabadilishwi na upande mmoja. Ndiyo maana ile karatasi ya tarehe 24 haikuweza kumbana mama yule ifikapo tarehe moja. Lakini sitawaficha ukweli: mwenye nyumba wa mwezi hadi mwezi akitoa notisi halali ya mwezi mzima, mpangaji asikubali kodi mpya, mwenye nyumba anaweza kuitaka nyumba yake, na sheria haimuulizi kama nyongeza ile ilikuwa ya haki. Hapo ndipo pengo lilipo. Mpangaji ana haki ya kupewa muda, ila hana haki ya kupewa kiwango cha haki.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji akae kwa utulivu maadamu analipa na kutimiza masharti, na kwamba nyumba au chumba cha kuishi kiwe kinafaa kuishi binadamu tangu upangaji unapoanza na kiendelee hivyo. Mpangaji anayeongezewa kodi huku maji ya choo yanapita ukumbini ana la kujibu, tena inafaa alijibu kwa maandishi.

Kuhusu kufuli nitasema kwa ufupi kwa sababu halina pande mbili. Kufunga mlango kwa kufuli la pili, kung'oa mlango, kuezua mabati, kukata stima au maji ili mtu ahame, hayo yote ni makosa hata kama mpangaji anadaiwa miezi mitatu. Deni la kodi hudaiwa kupitia dalali wa mnada mwenye leseni, kwa utaratibu wa Sura ya 293, sheria ya kukamata mali kwa deni la kodi ya nyumba, na mtu huondolewa nyumbani kwa amri ya mahakama. Aliyefungiwa mlango anaweza kwenda mbele ya hakimu, au katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyopo hapa Mombasa, kuomba amri ya zuio. Naye mpangaji asitumie ugomvi kama sababu ya kutolipa. Endelea kulipa kodi ya zamani kwa tarehe yake, uhifadhi ujumbe wa M-Pesa au risiti, kwani hakimu atakachouliza kwanza ni kama ulilipa.

Sasa niseme na wenye nyumba, na nitasema nanyi kama mtoto aliyelelewa katika chumba cha kupanga. Nyumba tuliyokaa Majengo ilikuwa ya bibi mmoja mjane. Alikuwa na daftari refu jembamba, jalada lake limefungwa kwa uzi, na ndani yake majina ya wapangaji wote ameyaandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kila mwezi na alama yake ya wino. Alipotaka kuongeza kodi alikaa barazani baada ya swala ya alasiri, akawaita watu wazima wa vyumba vyote, akafungua daftari akaonyesha ni lini alipoongeza mara ya mwisho, akasema kiasi anachotaka na mwezi wa kuanzia, ambao haukuwa kamwe mwezi wa Ramadhani wala Januari ya karo za shule. Watu walinung'unika, wengine walimwomba apunguze, na mara mbili ninazozikumbuka alipunguza. Hakuna sheria iliyomlazimisha kufanya hivyo. Alikuwa na haja ya fedha kama mwenye nyumba yeyote, tena yeye mwenyewe alilipa kodi ya ardhi, kwa kuwa nyumba ilikuwa yake lakini kiwanja kilikuwa cha mtu mwingine, kama zilivyo nyumba nyingi za pwani hii. Nyongeza aliyotutoza sisi ilikuwa mara nyingi imeanza kwa aliyekuwa akimtoza yeye.

Najua kwamba mzigo huo upo mpaka leo. Mkopo wa benki una riba, malipo ya kaunti yapo, na maji ya bomba yasipotoka mwenye nyumba hununua maji ya boza. Ila kuna sababu moja ninayoisikia mara kwa mara, nayo ni ushuru, na hapo lazima niwasahihishe. Mwenye mapato ya kupangisha nyumba za kuishi ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa ushuru wa asilimia fulani ya kodi yote iliyoingia. Asilimia hiyo ilikuwa 10, na tangu Januari 2024 imekuwa 7.5. Ushuru huo umeshuka. Mwenye nyumba anayemwambia mpangaji kwamba anapandisha kodi kwa sababu ya ushuru huo anamwambia lisilokuwa, pengine bila kujua.

Na kuna ajenti. Ile karatasi ya selotepu haikuandikwa na mwenye nyumba. Nilipomwandikia barua, alinijia mzee mmoja mwenye adabu, akaniambia kwamba hakujua kuwa wapangaji wamepewa siku saba. Yeye alimwambia ajenti aongeze kidogo kwa sababu paa lilikuwa linavuja na alihitaji kulibadilisha. Kwa kawaida ajenti hulipwa kwa asilimia ya kodi anayokusanya, na kila shilingi inayoongezeka inamwongezea na yeye. Mzee na mama yule walikaa ofisini kwangu kwa muda usiofika saa moja, wakapatana shilingi 7,000 kuanzia mwezi wa tatu kutoka siku ile, paa likiwa limekwisha kutengenezwa. Wenye nyumba, nawasihi: neno la nyongeza litoke kinywani mwenu au kwa sahihi yenu, msiliache liandikwe na mtu anayefaidika nalo.

Mwaka 2021 kulifikishwa bungeni mswada wa wenye nyumba na wapangaji uliokusudia kuziunganisha sheria zote tatu nilizozitaja, Sura ya 293, ya 296 na ya 301, ziwe sheria moja inayoshughulikia nyumba za kuishi na za biashara pamoja. Haujawa sheria. Wenye nyumba wengi waliupinga wakihofia kwamba wapangaji wabaya hawataondoka, na hofu hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa mwenye vyumba vinne Magongo anayeishi kwa kodi ya vyumba hivyo hawezi kungoja kesi ya mwaka mzima. Lakini mambo mawili yangeweza kufanywa bila kumwumiza yeyote: kuibadilisha tarakimu ya 2,500 iendane na bei za leo na iwe inarekebishwa kila baada ya muda, na kumpa mpangaji wa nyumba ya kuishi ile notisi ya miezi miwili ambayo mpangaji wa duka amekuwa nayo tangu 1965. Wabunge wetu wa Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu watakuja kuomba kura katika mitaa ambayo watu wengi sana ni wapangaji. Waulizeni mambo hayo mawili kwa majina yake na kwa tarakimu zake.

Mpaka hapo Bunge litakapofanya kazi yake, sheria ya nyumba yako ni ile utakayoiandika. Mkataba wa kupanga si lazima uwe wa Kiingereza wala uwe kurasa kumi. Uandikwe kwa Kiswahili ambacho pande zote mbili zinakielewa, utaje kodi, dipositi na lini itarudishwa, nani analipia maji na taka, nani anarekebisha nini, notisi ya kuhama, na, hilo ndilo hasa lililonileta, utaje kwamba kodi haitaongezwa zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa notisi ya maandishi ya miezi miwili, na kwa kiasi kisichozidi asilimia mtakayopatana. Mwenye nyumba asiogope sharti hilo, kwa sababu linamfaa na yeye: mpangaji anayejua kodi ya mwaka ujao hahami usiku, na chumba hakikai kitupu miezi miwili kikingoja mtu mpya.

Nimeacha nakala za mkataba wa namna hiyo kwenye meza iliyo karibu na mlango, ukurasa mmoja, mbele na nyuma. Kifungu cha sita ndicho cha nyongeza, nacho nimeacha nafasi ya asilimia bila kuijaza, ili mwenye nyumba na mpangaji waijaze wakiwa wamekaa pamoja. Kalamu zipo, na vijana wawili wa ofisi yangu watabaki mpaka saa tatu za usiku kumsaidia yeyote anayetaka kuandikiwa au kusomewa.

Asanteni sana.